Kutu ya Gari: Kwa Nini Hurudi, na Vipi Tuizuie



Katika mkutano wetu wa kufunga hesabu, mwanachama mmoja alisimama akauliza: "Bwana Katibu, kila mwaka naona fedha za rangi ya gari. Gari hili lapakwa rangi au lanyweshwa?" Watu walicheka, nami nikacheka pamoja nao, lakini moyoni niliona haya. Swali lilikuwa la haki, na jibu sikuwa nalo. Niliahidi kulijibu katika ukurasa huu, na leo natimiza ahadi. Si gari la chama tu linaloliwa. Nyingi katika pikapu zinazoteremsha karafuu kutoka mashambani mwetu Pemba ni za zamani, na wenyewe hulalamika vilevile: "Nimepaka rangi juzi tu, na kutu imerudi."

YALIYOTUPATA

Gari la chama lilikuja kutoka Japani likiwa limekwisha kutumika, kama yalivyo magari mengi ya visiwani. Tulipolipokea lilikuwa linang'aa. Mwaka wa pili nikaona kivimbe kidogo chini ya mlango, kadiri ya punje ya choroko. Fundi akakikwangua, akajaza puti, akapaka rangi. Tukalipa. Masika ilipokwisha, mahali palepale pakavimba kadiri ya kiganja. Mara ya pili nikasema nitakipunguzia chama gharama: nikanunua kopo la rangi nikapaka mwenyewe jioni moja baada ya kazi. Haikumaliza miezi minne. Mara ya tatu tukampa fundi mwingine, naye akabandika kipande cha bati jipya juu ya lile bovu, akalifunika kwa puti. Kwa macho lilipendeza sana.

Msimu uliofuata, mchumaji mmoja, mtu mzima, alikuwa akipanda nyuma ya gari na gunia begani. Alipokanyaga karibu na tairi, sakafu ilikatika na mguu wake ukazama mpaka muundini. Alhamdulillahi mfupa haukuvunjika, lakini bati lilimchana vibaya, na siku zote za uchumaji zilizobaki alizimaliza kibarazani kwake. Chama kilimlipia matibabu. Lakini siku za msimu hazirudi, na mchumaji hula kwa pishi anazozichuma.

Usiku ule nilichukua tochi nikalala chini ya gari. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mitatu. Sehemu ile niliyokuwa nikiipamba kwa juu, chini yake ilikuwa imekuwa magamba kama gome la mti mkavu. Kesho yake nilimwita fundi mmoja mzee ambaye hutengeneza mashine za boti pwani. Alichungulia, akagongagonga, kisha akasema: "Bwana Katibu, miaka mitatu mmeitibu rangi. Rangi haikuwa mgonjwa. Tafuteni maji yanapoingia na yanapolala."

Maneno hayo ndiyo somo lote. Yanayofuata ni maelezo yake.

KUTU NI NINI

Chuma hakipati kutu kwa uzee. Hupata kutu kinapokutana na vitu viwili kwa pamoja: maji, na hewa ya oksijeni. Kimoja kikikosekana, kutu haifanyiki. Mwenye watoto wa skuli awaonyeshe kwa misumari mitatu isiyopakwa zinki. Msumari wa kwanza utiwe katika chupa kavu iliyofungwa vizuri. Wa pili utiwe katika maji yaliyochemshwa sana ili hewa iliyomo itoke, yajae mpaka yaufunike, na juu yamwagiwe mafuta ya kula kuzuia hewa isiingie tena. Wa tatu uwekwe katika maji ya chumvi, nusu ndani na nusu nje. Baada ya siku chache wataona wa tatu umeshika kutu, na wale wawili ni wazima au karibu na uzima.

Na chumvi je? Chumvi peke yake siyo kutu, bali huichochea. Kwanza, maji yenye chumvi hupitisha umeme mdogo ulio ndani ya kazi hii ya kutu, basi kazi huenda mbio. Pili, chumvi huvuta unyevu kutoka hewani. Nani kati yetu hajaona kibakuli cha chumvi jikoni kikitoa maji wakati wa masika, na hali hapana mtu aliyetia maji? Hivyo ndivyo inavyokuwa ndani ya mlango wa gari lililoingia chumvi. Wewe wasema gari limekauka, kwa kuwa jua limewaka kutwa, kumbe ndani chumvi inaendelea kunywa unyevu wa hewa na kuunywesha chuma.

Jambo la tatu la kujua ni kuwa kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa. Ndiyo sababu rangi huvimba kabla hujaona wekundu wowote. Kivimbe hicho ni kutu inayosukuma kutoka chini, kama mzizi unavyoinua sakafu. Ukikiona kivimbe kidogo, ujue ugonjwa chini yake ni mkubwa zaidi.

KWA NINI HURUDI

Sababu zake ni nne, na gari la chama lilikuwa nazo zote.

Kwanza, mzizi ulibaki. Ukikata ukoka kwa panga, majani hupotea lakini mvua ya kwanza huyarudisha. Kutu nayo huchimba vishimo vidogo katika bati, na chumvi hukaa chini ya vishimo hivyo. Ukipiga msasa juu juu, bati litang'aa lakini vishimo vitabaki vyeusi. Ukipaka rangi hapo umeifungia chumvi ndani.

Pili, kutu ilitoka upande wa pili. Mlango, kizingiti chake, na madigadi ni bati mbili zenye uwazi katikati. Mara nyingi kutu huanza ndani, nasi huiona mwisho, imekwisha kutoboa. Kuipaka rangi nje ni kumpaka mgonjwa poda.

Tatu, maji yalikuwa na pa kulala. Chini ya kila mlango mna matundu madogo ya kutolea maji, kwani maji huingia kila siku kupitia mpira wa dirisha, na ndivyo gari lilivyoundwa. Yakizibwa na udongo, mlango huwa mtungi. Majani makavu hujaa katika mfereji ulio chini ya kioo cha mbele. Tope la mashamba hukaa nyuma ya tairi na kushika unyevu wiki nzima. Zulia lililolowa chini ya miguu haliwezi kukauka likiwa palepale.

Nne, rangi ilipakwa wakati mbaya. Mimi nilipaka jioni, unyevu umekwisha kuanza kushuka, na bati nililifuta kwa kitambaa kilichokuwa na mafuta. Rangi haishiki juu ya maji wala juu ya mafuta.

Tuongeze na matumizi yetu. Karafuu mbichi ina maji mengi. Hata kilo tatu zikianikwa hubaki kama kilo moja tu. Magunia ya karafuu mbichi yakilazwa juu ya bati tupu, bati hulowa msimu mzima. Na msimu ukiisha, gari hilohilo huchukua samaki, na maji ya samaki yana chumvi. Hata gari lililotoka Japani laweza kuja na ugonjwa wake, kwa sababu sehemu za theluji za nchi ile hunyunyiza chumvi barabarani ili barafu iyeyuke. Mwenye kununua gari alale chini alitazame kabla ya kuhesabu fedha.

JINSI YA KUKAGUA

Chukua bisibisi, sumaku ndogo, na tochi. Kwa mpini wa bisibisi gonga polepole kizingiti, chini ya milango, sakafu, na pembe za madigadi. Bati zima hulia wazi. Bati bovu hulia zito, kama nazi koroma. Palipo na shaka, sukuma kwa ncha. Kisha pitisha sumaku. Pasiposhika, chini yake pana puti nene, na ujue kuna mtu aliyeficha jambo hapo. Wahenga walisema, mficha maradhi, kifo humuumbua.

Halafu mwagia maji ya kawaida kioo cha mbele na madirisha, mwenzio akiwa ndani na tochi, atazame yanapopita. Maji yaliyoingia mlangoni lazima yatoke chini kwa matundu yake. Yasipotoka, yazibue kwa kijiti.

Hapa hapana budi nitenge mambo mawili. Kutu ya mlango ni aibu na hasara. Lakini kutu ya chesisi, yaani mifupa ya gari, na ya vipande vinavyoshika springi, mikanda ya viti, au mabomba ya breki, hiyo ni roho za watu. Ukiona magamba hapo, usipake kitu. Gari lisipande mtu mpaka fundi anayejua kazi yake amekagua.

DAWA KWA DARAJA TATU

Daraja ya kwanza: kutu ya juu tu. Osha kwa sabuni na maji ya kunywa. Nasema ya kunywa kwa makusudi. Baadhi ya visima vya karibu na pwani vina maji ya chumvichumvi. Yaonje kwanza, na ukishuku tumia maji ya mvua. Piga msasa mpaka bati jeupe lionekane, na uvuke mpaka wa kutu kwa upana wa vidole viwili, kwa sababu kutu hutangulia chini ya rangi. Futa vumbi, kisha futa kwa tina na kitambaa safi. Paka rangi ya chini, ambayo mafundi huiita praima, siku ileile, kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Bati tupu lisilale usiku mmoja. Wala usiliache gari na praima peke yake wiki nyingi, maana praima ya kawaida hunywa maji. Ifuate rangi ya juu mapema.

Daraja ya pili: kutu yenye vishimo. Anza kwa brashi ya waya na kitu chenye ncha, ukichokoe kila kishimo. Kisha osha kwa maji safi, acha likauke juani, osha tena, mara mbili au tatu. Kazi hii ya kuosha watu huiruka kwa kuiona ya kitoto, na ndiyo inayotoa chumvi. Likikauka kabisa, paka dawa ya kugeuza kutu. Nyingi kati ya dawa hizo zina asidi ya fosforasi au tanini, nazo huifanya kutu iliyobaki kuwa kitu cheusi kisichoendelea kula. Si uchawi: mwenye kumenya ndizi mbichi kwa kisu cha chuma ameona tanini inavyokitia kisu weusi. Lakini dawa hiyo hufanya kazi juu ya kutu nyembamba iliyokwisha kusafishwa, si juu ya magamba. Fuata maelezo ya kopo, vaa glovu, kisha paka praima ya epoksi na rangi ya juu.

Daraja ya tatu: bati lililotoboka. Hapa hapana dawa ya kupaka. Kata mpaka ufike bati zima pande zote, chomelea bati jipya, na upake rangi pande zote mbili, ya nje na ya ndani. Puti ni ya kusawazisha tu. Puti iliyojaza tundu hunywa maji kutoka nyuma kama sponji. Na bati jipya likilazwa juu ya bovu, kama tulivyofanyiwa sisi, unyevu hukaa katikati na kutu huwa na nyumba ya ghorofa.

Kabla ya kuchomelea, betri ifunguliwe, tangi la petroli liondolewe au lilindwe vizuri, na ndoo ya mchanga iwe karibu. Anayepiga msasa rangi ya zamani afunike pua na mdomo, na aupige kwa maji ili vumbi lisiruke, kwa kuwa rangi nyingi za zamani zina risasi, ambayo ni sumu. Watoto wakae mbali.

ZINKI, MLINZI ANAYEJITOLEA

Mabati ya mapaa yetu hukaa miaka mingi kwa kuwa yamepakwa zinki, na zinki hukubali kuliwa kwanza ili chuma kisalimike. Elimu hii ina umri. Mwaka 1824 mtaalamu wa Kiingereza, Humphry Davy, alionyesha kuwa vipande vya zinki au chuma vikiungwa na shaba inayofunika tumbo la merikebu, vipande huliwa na shaba hubaki. Mwaka 1837 Mfaransa Stanislas Sorel alipata hati ya haki ya uvumbuzi kwa kazi ya kuchovya chuma katika zinki iliyoyeyuka. Wavuvi wenye mashine za boti wanakijua kile kipande cha zinki kinachobadilishwa kila kinapoisha.

Kwa gari, mafunzo ni matatu. Moto wa kuchomelea huunguza zinki, basi mahali palipochomelewa papakwe praima yenye zinki. Moshi wake usivutwe, maana huleta homa. Na usitie skrubu za shaba katika bati la chuma. Hapo chuma ndicho kitakachojitolea kwa ajili ya shaba.

MAFUTA YA NDANI, NA HARUFU YA KARAFUU

Baada ya kutengeneza, uwazi wa ndani ya milango na vizingiti upulizwe mafuta mazito au nta ya kuzuia kutu, bila ya kuziba matundu ya maji. Wapo wanaotumia oili chafu ya injini. Siishauri. Ina uchafu unaodhuru ngozi, huharibu mipira, na ikidondoka shambani huingia ardhini na visimani.

Na tukumbuke gari hili hubeba nini. Karafuu huthaminiwa kwa harufu yake, na ikipata harufu ya oili au tina, jasho la msimu limepotea. Basi sakafu ya nyuma isipakwe mafuta kabisa. Ipakwe rangi ngumu, iachwe mpaka harufu iishe, kisha iwekwe mbao nyembamba zenye nafasi katikati, na magunia yakae juu ya mbao. Hivyo upepo hupita chini, bati hukauka, na karafuu haigusi chuma.

KALENDA YA MWENYE GARI

Januari na Februari, wakati wa kaskazi na jua kali: kazi zote za msasa, kuchomelea, na rangi.

Kabla ya masika ya Machi hadi Mei: zibua matundu, toa majani, tazama mipira ya vioo, puliza mafuta ndani ya milango.

Baada ya masika: toa mazulia uyaanike, osha tope la chini ya madigadi, kagua kwa tochi.

Wakati wa uchumaji: kila jioni teremsha magunia yote, yasilale garini.

Kabla ya vuli ya Oktoba hadi Disemba: rudia uliyoyafanya kabla ya masika.

Siku yoyote gari lilipobeba samaki au kusafiri kwa meli: lioshwe kwa maji ya kunywa kabla ya usiku, na chini yake pia.

HESABU YETU

Sasa nimjibu mwanachama wetu. Fedha za mara tatu zile zilipotea kwa sababu tulinunua sura, hatukununua tiba, na mimi niliyeidhinisha malipo sikuwahi kuinama nitazame. Kosa hilo ni langu, na nimemwambia hivyo yule mchumaji kwa mdomo wangu. Mara ya nne tulikata sakafu yote mbovu na vizingiti viwili, tukafuata mambo niliyoyaeleza. Gharama ilikuwa kubwa kuliko mara moja yoyote ya zile tatu, lakini ilikuwa ndogo kuliko zote tatu pamoja.

Tangu hapo masika mbili zimepita. Sakafu na vizingiti ni vizima. Mahali pamoja tu, pembeni mwa mlango wa nyuma, kutu imechungulia tena, kadiri ya shilingi. Nilipokumbuka, ndipo nilipopaka mwisho, jua limekwisha kuzama, nikitaka kumaliza siku hiyohiyo. Januari, Inshallah, nitapafungua upya, asubuhi.

Kamati imekubali kuwa anayeazima gari la chama alirudishe limeoshwa, na kwamba katibu alale chini yake na tochi kila baada ya miezi mitatu, akiandika alichokiona katika daftari. Daftari hilo liko ofisini. Kila mwanachama ana haki ya kulifungua.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini rangi huvimba kabla ya wekundu kuonekana?
2. Maji ya mlango wa gari lako hutokea wapi? Je, umeyaona yakitoka?
3. Sumaku isiposhika kwenye bati, inakuambia nini?
4. Ni kutu ya sehemu gani ambayo ukiiona hupaswi kumpakia mtu garini?

Wasalaam,
Katibu wenu.